Hesabu Saa ya Kurudi Kwanza: Siku za Bandarini Kwenye Bahari ya Mediterania

Ratiba ya meli ya kitalii ikiandika "Roma, saa 1 asubuhi hadi saa 1 jioni", tilia shaka mambo mawili. La kwanza ni Roma yenyewe. Meli haifiki Roma. Inafunga gati Civitavecchia, mji wa bandari ulio umbali wa kilomita 70 hivi kaskazini-magharibi. Kwa ratiba hizo hizo, "Florence" maana yake ni Livorno, "Athens" ni Piraeus, na "Efeso" ni Kuşadası, nchini Uturuki. Hata "Venice" siku hizi yaweza kuwa Ravenna au Trieste, kwa kuwa tangu tarehe 1 Agosti 2021 meli zenye zaidi ya tani 25,000 hazipiti tena mfereji wa Giudecca mbele ya mji. Aliyelipia safari akijiona juu ya staha anaitazama kanisa la San Marco huamka Ravenna, na mbele yake ana zaidi ya saa mbili za basi, kwenda tu.

La pili ni hizo saa 12. Hazipo.

Meli ikigusa gati saa 1, abiria hawashuki saa 1. Maofisa wa bandari hupanda kwanza na kukagua karatasi, ngazi hushushwa, kisha makundi yaliyonunua ziara za meli hutangulizwa. Anayetembea kivyake huwa nje kati ya saa 1:30 na saa 2. Upande wa pili wa siku, saa 1 jioni ndiyo saa ya kung'oa nanga. Saa ya mwisho ya kuwa ndani huwa nusu saa kabla, na meli nyingine hutaka saa nzima. Imeandikwa kwenye karatasi ya ratiba inayoletwa chumbani jioni ya kuamkia bandari, na hubandikwa tena mlangoni pa kutokea. Ipige picha kwa simu unapotoka, kila siku, hata kama unadhani unaikumbuka.

Kwa hiyo siku ya bandarini hupangwa kuanzia mwisho wake. Andika saa ya mwisho ya kuwa ndani. Toa saa moja na nusu, hiyo ndiyo akiba yako isiyoguswa. Toa tena muda wa treni au basi. Saa unayobaki nayo ndiyo ya kuondoka mahali unapotembelea, na usiitumie kama huna treni nyingine ya baadaye ambayo nayo ingekufikisha kabla ngazi haijapandishwa. Ukiona treni uliyoichagua ndiyo ya mwisho inayofaa, umechelewa kupanga: chagua iliyo mbele yake.

Hapa sisi tuliozaliwa na saa ya Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe. Karatasi ya meli itasema 17:30. Mtu akimwandikia ndugu yake waliyeachana sokoni "tukutane saa 11:30", na yule ndugu amekulia Toronto, mmoja atakuwa kwenye ngazi ya meli na mwingine atashangaa mbona saa tano na nusu ya asubuhi imeshapita. Mkiwa kundi, kubalianeni tangu siku ya kwanza kwamba saa za meli zinatajwa kwa tarakimu za saa 24 tu. Jambo jingine: Italia, Ufaransa, Hispania, Malta na Kroatia wakati wa kiangazi wako saa moja nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam. Ugiriki kiangazi, na Uturuki mwaka mzima, wako sawa na sisi. Meli ikivuka kutoka Italia kwenda Ugiriki simu hujibadilisha yenyewe, lakini saa ya meli hubadilika pale nahodha anapotangaza, na si lazima ifuate nchi kavu. Vaa saa ya mkononi, iwekwe kwa saa ya meli, na usiiguse.

Roma kwa treni

Civitavecchia abiria huchukuliwa gatini na basi la bandari hadi Largo della Pace, nje ya eneo la mizigo. Pale huuzwa tiketi, na kuna basi jingine la kwenda stesheni. Ukiwa na miguu mizuri, waweza kutembea kando ya bahari kwa chini ya nusu saa. Tiketi ya kuulizia inaitwa BIRG. Ni ya siku moja, bei yake imekuwa euro 12, na ndani yake kuna treni ya kwenda na kurudi pamoja na mabasi na metro za Roma. Ya karatasi huandikwa jina na tarehe ya kuzaliwa, halafu hugongwa kwenye mashine ndogo iliyo karibu na reli kabla ya kupanda. Hapo ndipo wageni wengi hunaswa: tiketi wameilipia, hawakuigonga, na mkaguzi anawatoza faini kana kwamba hawana kitu. Kosa la pili ni kudandia treni yoyote iliyoandikwa Roma. BIRG ni ya treni za mkoa, zile za Regionale. Ukiingia Intercity au Frecciabianca utalipa tena, na zaidi ya hayo hazisimami pale unapotaka kushuka.

Pa kushuka, kwa anayekwenda Vatican, ni Roma San Pietro, dakika 45 hadi 50 kutoka Civitavecchia. Kuba la Basilika ya Mtakatifu Petro unaliona ukitoka tu stesheni, na kwa miguu ni dakika 15. Wengi hupitiliza hadi Termini kwa kuwa ndilo jina wanalolijua, kisha wanarudi nyuma kwa metro, na saa nzima imeliwa. Tena majukwaa ya treni za Civitavecchia pale Termini yako pembeni, mwendo wa karibu dakika 10 kutoka ukumbi mkuu. Anayefika dakika 5 kabla huiona treni yake ikiondoka.

Basilika haina kiingilio. Foleni yake ni ya ukaguzi wa mikoba. Mabega na magoti lazima yafunikwe, wanaume kwa wanawake, na walinzi hawana mjadala. Kwa hili kanga moja iliyokunjwa kwenye mkoba ni jibu bora kuliko mtandio wa karatasi unaouzwa uwanjani: inafunika mabega kanisani, inakuwa kivuli juani, na inatandikwa kwenye ngazi za mawe mkitaka kula. Asubuhi za Jumatano, Papa anapokutana na umma uwanjani, basilika hufungwa mpaka karibu saa 6 mchana. Makumbusho ya Vatican, yenye kanisa la Sistina, hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi, ambayo ni bure na kwa sababu hiyo haipitiki. Angalia siku ya wiki kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.

Koloseo, uwanja wa kale wa mapigano, nako huingiwa kwa tiketi yenye saa na jina. Huanza kuuzwa siku 30 hivi kabla ya tarehe, na jina lisipolingana na pasi au kitambulisho mkononi, mlango haufunguki. Kutoka San Pietro, panda tena treni ya mkoa hadi Ostiense, vuka kwa njia ya chini hadi metro ya Piramide, na Koloseo ni kituo cha pili. Kurudi ni hivyo hivyo: Ostiense inatosha, huna haja ya Termini. Lakini Makumbusho ya Vatican na Koloseo kwa siku moja ya meli? Hesabu mwenyewe. Umefika San Pietro saa 3:30 asubuhi. Saa ya mwisho ya kuwa ndani ni saa 12:30 jioni, kwa hiyo saa 11 uwe umeshakanyaga Civitavecchia, na saa 10 umeshaondoka Roma. Ni saa 6 na nusu. Makumbusho hula 3, Koloseo pamoja na magofu ya Forum yaliyo jirani 3, na hapo hujanywa maji, wala hujasimama kwenye foleni. Chagua kimoja, na muda unaobaki tembea kwa miguu tu. Roma ina mabomba ya maji ya kunywa barabarani, yale yenye mdomo kama pua, ambayo wenyeji huyaita nasoni. Beba chupa tupu.

Neno moja la Kiitaliano la kulijua kabla ya kushuka ni sciopero, yaani mgomo. Hutangazwa mapema, na siku za kazi treni za mkoa hulazimika kutembea saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Utazame huo mpangilio kwa jicho la abiria wa meli: asubuhi utafika Roma vizuri kabisa, na treni ya uhakika ya kukurudisha inaanza wakati ngazi inapandishwa. Siku ya mgomo nunua ziara ya meli, au ubaki Civitavecchia.

Ziara ya meli ni ghali, mara nyingi mara kadhaa ya nauli ya treni, na unatembea nyuma ya mtu mwenye kibao cha namba. Unacholipia hasa ni kungojewa. Basi lao likikwama njiani, meli husubiri, au kampuni hugharamia kukupeleka bandari inayofuata. Aliyetoka kivyake hangojewi. Kwa hiyo tungegawa hivi: bandari ya mbali kama Civitavecchia na Livorno, anayesafiri mara ya kwanza na mwenye watoto wadogo alipe. Bandari iliyo mjini, kama Naples, Valletta ya Malta au Dubrovnik ya Kroatia, kulipia ziara ya kutembezwa mjini ni kutupa pesa baharini.

Naples, na majivu ya mwaka 79

Naples meli husimama Stazione Marittima, na ukivuka barabara uko mjini. Shabaha ya wengi ni Pompeii, mji wa Kirumi uliozikwa na volkano ya Vesuvio mwaka 79. Metro ya mstari wa 1 kutoka kituo cha Municipio hadi Garibaldi ni dakika chache, kisha chini ya stesheni kuu kuna reli nyingine iitwayo Circumvesuviana. Ni treni kuukuu, zimejaa, kiangazi ni joto la tanuri, na vibaka wanaifahamu ratiba yake kuliko dereva. Mkoba uvaliwe kifuani. Ukitaka kiti, usipandie Garibaldi. Nenda Porta Nolana, kituo kimoja nyuma, ambako treni huanzia ikiwa tupu.

Treni unayoitaka ni ya Sorrento, na kituo ni Pompei Scavi, Villa dei Misteri, mwendo wa chini ya dakika 40. Jina lote hilo lisome, kwa sababu kwenye njia ya Poggiomarino kuna kituo kingine cha Pompei, kilicho kwenye mji wa leo karibu na kanisa kubwa, na cha shirika kuu la reli ni cha tatu. Tangu Novemba 2024 wageni hawazidi 20,000 kwa siku na tiketi ina jina la mtu, basi nunua kabla. Mizigo mikubwa haiingii.

Mji wenyewe ni hekta 66, theluthi mbili hivi zimefukuliwa, na kivuli hakuna. Barabara zimetandikwa mawe makubwa yenye mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni, na katikati kuna mawe marefu ya kuvukia miguu isilowe. Sandali nyembamba hapo ni kuteguka. Kwa saa 3 unaweza kuingia Porta Marina, ukafika uwanja wa Forum, ukashuka Via dell'Abbondanza hadi mabafu ya Stabian na maduka ya chakula yenye mashimo ya mitungi kwenye kaunta, ukarudi. Ukitaka kuona kila nyumba utamaliza miguu na hutaona nyumba hata moja vizuri.

Tukiulizwa, tungekwenda Ercolano, mji uliozikwa siku zile zile. Ni treni hiyo hiyo, kituo cha Ercolano Scavi, chini ya dakika 20 kutoka Garibaldi, kisha unateremka barabara moja iliyonyooka dakika 10. Pompeii ilinyeshewa mawe mepesi na majivu, mapaa yakaporomoka. Ercolano ilifunikwa na wimbi la majivu moto na gesi lililoacha tabaka la hadi mita 20, na joto lile liligeuza mbao kuwa mkaa badala ya kuziteketeza. Ndiyo maana leo unaona boriti, fremu za milango, hata kitanda. Orofa za juu bado zimesimama. Kwenye vibanda vya mashua ufukoni ilikutwa mifupa ya watu karibu 300 waliokuwa wanangoja kuokolewa kwa bahari. Saa 2 zinatosha, na unakuwa melini kabla ya jasho kukauka.

Santorini: foleni ya kushuka

Kisiwa hiki cha Ugiriki hakina gati la meli kubwa. Meli husimama katikati ya bahari iliyojaza shimo la volkano, na mashua za wenyeji huwaleta watu hadi bandari ya zamani iliyo chini ya mwamba. Mji wa Fira uko juu kabisa. Njia ni tatu: vibanda vinavyovutwa kwa kamba ya chuma, punda, au ngazi 588 kwa miguu.

Kila mtu hufikiria foleni ya kupanda. Inayoharibu siku ni ya kushuka. Vibanda vinabeba watu wachache kwa safari moja, na abiria wa meli tatu au nne huamua kurudi saa ile ile ya alasiri. Saa moja na nusu ya kusimama juani si ajabu. Ngazi unaweza kuzishuka kwa nusu saa, ila unashiriki njia na punda, na kinyesi juu ya mawe yaliyosuguliwa huteleza kama sabuni. Punda wenyewe tungewaacha. Wamebebeshwa vya kutosha.

Namna nzuri ni kuugeuza mzunguko. Pale chini bandarini huuzwa tiketi ya boti hadi chini ya kijiji cha Oia, ikiunganishwa na basi la kukupandisha kijijini na baadaye la kukuleta Fira, kilomita 11. Unaona Oia asubuhi kabla haijafurika, unamalizia Fira, na kitu pekee kilichobaki ni kushuka. Shuka mapema kwa saa moja kuliko moyo unavyotaka. Angalia pia saa ya mashua ya mwisho: hapa saa ya meli siyo muhimu, mashua ndiyo ngazi yako. Ugiriki imeweka ukomo wa abiria 8,000 wa meli kwa siku kisiwani, na tangu Julai 2025 inatoza euro 20 kwa kila abiria wa meli anayeshuka hapa au Mykonos katika miezi ya kiangazi. Kwa kawaida utaikuta kwenye bili ya chumba. Upepo ukikaza, mashua haziendi na bandari hufutwa, hivyo usilipe mapema kitu kisichorudishwa.

Athens ni nyepesi zaidi. Metro kutoka Piraeus hadi Monastiraki ni chini ya nusu saa. Shida ni Akropoli: wageni 20,000 kwa siku, tiketi ya saa maalumu, na siku za joto kali serikali huifunga saa 6 mchana hadi saa 11 jioni. Chukua nafasi ya mapema kabisa unayoweza kuifikia, ingia kwa lango la kusini karibu na kituo cha Acropoli, na vaa viatu visivyoteleza, maana marumaru ile imesuguliwa na nyayo.

Kuşadası, magofu ya Efeso yako kilomita 20 hivi. Yana milango miwili, wa juu na wa chini. Mwambie dereva akushushe wa juu, uteremke hadi maktaba ya Celsus na ukumbi uliobeba watu wapatao 25,000, utokee wa chini. Anayeanzia chini hupanda mlima bila sababu. Gari la "bure" huishia duka la mazulia, chai inaletwa, na saa inakwenda.

Karatasi

Kwa mwenye pasi ya Kenya, Tanzania au Uganda, mambo haya huamuliwa miezi kabla ya meli. Hispania, Ufaransa, Italia, Malta, Ugiriki na, tangu tarehe 1 Januari 2023, Kroatia, zote ni Schengen, yaani eneo la nchi zinazotumia viza moja. Montenegro na Uturuki hazimo. Meli ikitoka Piraeus, ikagusa Kuşadası, ikarudi Santorini, umetoka Schengen na kuingia tena. Omba viza ya kuingia mara nyingi, na waeleze ubalozini njia yote ya meli, bandari kwa bandari. Nchi zisizo Schengen zina masharti yake, hata kwa mtu asiyekusudia kushuka. Pungufu lolote hugunduliwa kaunta ya kupandia bandari ya kwanza, na anayekataliwa pale kwa kawaida harudishiwi nauli.

Ukishuka, beba kadi ya chumba, nakala ya pasi na ya viza, kadi ya benki, na jina la wakala wa meli katika bandari ile, ambalo limo kwenye karatasi ya ratiba. Ukiachwa, huyo ndiye wa kumtafuta kwanza. Mara nyingi maofisa wa meli, wakiona kadi yako haijagonga mlangoni, hufungua kasiki la chumba na kumwachia pasi. Na kabla meli haijaondoka gatini, weka simu hali ya ndege. Mtandao wa baharini hupitia setilaiti, na picha chache zinazojituma zenyewe zaweza kugharimu kuliko chakula cha mchana Roma.

Valletta hauhitaji mbinu yoyote. Meli huingia chini ya kuta za ngome, lifti ya mita 58 hukupandisha hadi bustani ya Upper Barrakka, na mji wote ni wa miguu. Kanisa la Mtakatifu Yohana, lenye mchoro mkubwa wa Caravaggio wa mwaka 1608, halipokei watalii Jumapili. Siku hiyo vuka bandari kwa mashua ndogo hadi Birgu. Sikiliza wauzaji wakihesabu chenji: sitta, sebgħa, disgħa. Kimalta ni tawi la Kiarabu, na sita, saba na tisa zetu zimetoka huko huko. Chini ya bustani kuna safu ya mizinga, na mmoja hupigwa saa 6 mchana na tena saa 10 jioni. Ule wa saa 6 zamani ulipigwa ili manahodha waliotia nanga chini warekebishe saa zao. Wa saa 10 ukilia, lifti iko hatua chache pembeni.